Barabara moja, bomba moja

Kwa miaka mingi watu wa Florida na pwani nyingine za kusini mwa Marekani wamekuwa wakihamia Asheville kukwepa vimbunga. Mji huo uko jimbo la North Carolina, katikati ya milima ya Appalachia, karibu kilomita 400 kutoka Bahari ya Atlantiki. Usiku wa Septemba 26, 2024, kimbunga Helene kilitua Florida kikiwa na upepo wa kilomita 225 kwa saa. Kulipopambazuka kilikuwa kimewafuata milimani.

Upepo ulikuwa umeshapungua, na wataalamu walikuwa wameshakishusha hadhi kuwa dhoruba ya kitropiki. Kilichobaki ni maji. Mvua kubwa ilikuwa imeanza kunyesha kabla Helene hakijagusa nchi kavu, hivyo udongo ulikwishashiba na vijito vilikwishajaa. Kisha hewa nzito iliyotoka Ghuba ya Mexico ikagonga milima, ikalazimika kupanda, ikapoa na kumwaga yote iliyobeba. Busick, kitongoji kilicho chini ya Mlima Mitchell, kilipata zaidi ya milimita 780 za mvua katika siku chache. Dodoma haipati mvua ya kiasi hicho kwa mwaka mzima wa kawaida.

Maji ya tambarare hupanda polepole, mtu huweza kuyaona yakija. Ya mlimani hayana subira. Mito ya French Broad na Swannanoa ilivunja rekodi iliyowekwa na mafuriko makuu ya mwaka 1916. Sehemu kubwa ya kijiji cha Chimney Rock ilibebwa, mabaki yake yakaishia katika ziwa la Lake Lure lililo chini yake. Kule Erwin, Tennessee, zaidi ya watu 50, wagonjwa na wahudumu, waliokolewa kwa helikopta kutoka kwenye paa la hospitali iliyozingirwa na mto. Karibu watu 250 walikufa nchi nzima, zaidi ya 100 kati yao North Carolina peke yake. Hasara ya jimbo hilo ilikadiriwa kukaribia dola bilioni 60.

Takwimu hizo zimetangazwa sana. Mimi naona uzito wa tukio hili uko katika yaliyofuata, kwa sababu hapo ndipo milima inapotofautiana na pwani. Pwani ikipigwa, msaada huingia kwa barabara tano. Bonde la mlimani lina barabara moja, na barabara hiyo hufuata mto, kwa kuwa kando ya mto ndiko pekee kuliko na ardhi tambarare. Reli ilipita huko huko, na miji ikajengwa huko huko. Mto ukichukua kingo zake, umechukua pia njia ya kuja kukuokoa.

Ndivyo ilivyokuwa. Barabara kuu ya I-40, inayounganisha North Carolina na Tennessee, ilimegwa na Mto Pigeon, njia za upande mmoja zikatumbukia. Ilifunguliwa Machi 1, 2025, na hata hapo kwa njia moja tu kila upande. Umeme ulikatika, minara ya simu ikazimika. Kwa siku kadhaa familia nzima nzima hazikujua kama ndugu zao wa bonde la pili wako hai. Waliosaidia hapo ni watu wa kujitolea wenye redio za mawasiliano, ambao wengi tulidhani zama zao zimepita. Kituo cha kurushia mawimbi kilichoko Mlima Mitchell kiliendelea kufanya kazi, na mchana kutwa kikapokea sauti za watu wakitaja anwani: huku kuna mzee anayehitaji oksijeni, kule kuna watoto, daraja halipo. Redio ya umma ya Asheville nayo ikawa inasoma matangazo ya wapi kuna maji na chakula, watu wakisikiliza ndani ya magari yao. Mahali ambapo hata gari la magurudumu manne halikufika, nyumbu wa mizigo walipanda na dawa na maziwa ya watoto mgongoni.

Halafu kukawa na shida ya maji ya kutumia, katika mji uliotoka kufurika.

Asheville hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la North Fork, lililo juu msituni. Mwaka 2004 mabaki ya vimbunga Frances na Ivan yalipita hapo yakifuatana, yakakata mabomba makuu. Halmashauri ilijifunza. Ililaza bomba la akiba na kulifukia zaidi ya mita 7 chini ya ardhi, ikaimarisha na bwawa lenyewe. Helene kilipokuja bwawa lilisimama imara, na hilo lisipite bila kusemwa, maana lingepasuka tungekuwa tunaandika habari nyingine kabisa. Lakini mabomba makuu yalikatika tena, na lile la akiba likafukuliwa kutoka huko huko chini lilikofichwa.

Kuyaunganisha mabomba kulichukua wiki chache. Kazi ngumu zaidi ilikuwa tope. Milima ilikuwa imemwaga udongo wake bwawani, na chembe za udongo wa mfinyanzi ni laini mno, huelea tu wala hazizami. Mtambo wa kuchuja ulijengwa kwa ajili ya maji safi ya msituni, haukuweza kumeza uji ule. Basi wahandisi wakafanya kwa bwawa zima kile ambacho bibi zetu hukifanya kwa mtungi: wakatia shabu ili tope ligandamane na kushuka chini. Wakatandaza na mapazia ndani ya maji kuzuia tope lisisogee kwenye mdomo wa mtambo. Shabu ikitiwa, inabidi kungoja. Upepo ukivuma, tope huinuka upya.

Wakati huo wote mji wenye maelfu ya vyoo vya kuvuta haukuwa na maji ya kuvutia. Watu walichota vijitoni na kwenye mabwawa ya kuogelea. Wazee wanaoishi ghorofani hawakuweza kupandisha ndoo, kwa hiyo wakazi wenzao walijaza matangi kwenye pikapu, wakazunguka majengo na kubeba ndoo ghorofa kwa ghorofa, mlango kwa mlango, kazi isiyo na picha nzuri wala sifa. Katikati ya Oktoba maji yalianza kutoka bombani, yakiwa na rangi na klorini nyingi, yasiyofaa kunywa. Ruhusa ya kunywa ilitolewa Novemba 18, siku ya 53.

Athari zilifika hata kwa watu ambao hawajawahi kusikia jina la milima hiyo. Huko North Cove, karibu na mji wa Marion, kuna kiwanda cha kampuni ya Baxter kilichokuwa kikitengeneza karibu asilimia 60 ya maji ya dripu yanayotumika Marekani. Kilifurika, madaraja ya kukifikia yakavunjika. Hospitali zilizo mbali sana na milima hiyo zikaanza kupima nani atundikiwe dripu na nani apewe maji ya kunywa, upasuaji usio wa dharura ukaahirishwa. Nchi tajiri kuliko zote iliacha sehemu kubwa ya dripu zake ikitegemea kiwanda kimoja katika bonde moja kando ya mto.

Uvumi nao ulikuwa maafa juu ya maafa. Shirika la serikali ya Marekani la kukabili maafa, FEMA, lilitoa dola 750 kwa familia kama fedha za haraka za chakula na mahitaji. Ukaenezwa uongo kwamba hizo ndizo zote, na kwamba anayezipokea atanyang'anywa ardhi. Oktoba ile, kutokana na vitisho, baadhi ya wafanyakazi wa shirika hilo walilazimika kusimamisha kwa muda kazi ya kupita nyumba kwa nyumba. Waliochochea walikuwa mbali, mitandaoni. Waliokosa msaada walikuwa mlimani.

Sasa tuje kwenye madaraja madogo, ambayo ndiyo yaliyoamua nani arudi kwake na nani asirudi. Katika mabonde haya nyumba nyingi ziko ng'ambo ya kijito, na familia moja au tatu nne zimejijengea daraja lao. Si la kaunti wala la jimbo. Kijito kikilibeba, nyumba inaweza kubaki nzima kabisa na bado isifikike: gari la wagonjwa halivuki, lori la gesi ya kupashia nyumba joto halivuki, na baridi inaingia. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko wala maporomoko ya ardhi, na waliokuwa na bima ya mafuriko katika kaunti hizo walikuwa wachache mno. Madaraja ya namna hiyo yaliyoharibiwa ni maelfu, na moja hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Vikundi vya makanisa na majirani wenye matingatinga walianza kuyajenga kabla sheria haijajua iyaite nini. Machi 2025 Gavana wa North Carolina, Josh Stein, alisaini sheria iliyotenga dola milioni 100 kwa barabara na madaraja ya watu binafsi. Ilikuwa hatua nzuri, lakini ilikuja baada ya majira yote ya baridi kupita.

Mwezi huo huo wa Machi moto ulizuka katika kaunti ya Polk, ukala miti ambayo Helene kilikuwa kimeiangusha.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni suala la ramani za maporomoko ya ardhi. Helene kilisababisha maporomoko zaidi ya 2,000 katika milima hiyo, na karibu na Fairview poromoko moja liliua watu 11 wa ukoo mmoja. Sisi wa Tanzania tunajua mlima unapogeuka tope: Desemba 3, 2023 ulishuka Hanang, ukaingia Katesh na kuua zaidi ya watu 80. North Carolina ilikuwa imeonywa. Mwaka 2004 poromoko la Peeks Creek liliua watu watano, na jimbo likaanza kuchora ramani za miteremko hatari, kaunti baada ya kaunti. Mwaka 2011 wabunge walikata fedha za kazi hiyo. Waliokuwa na viwanja vya kuuza hawakupenda rangi nyekundu zichorwe juu ya mali zao. Kazi ilirejeshwa mwaka 2018, lakini miaka saba ilikuwa imeshapotea, na nyumba hazikuacha kujengwa.

Leo wapo walioomba serikali iwanunulie viwanja vya kando ya mto ili pabaki wazi. Malipo ya aina hiyo huchukua miaka, na halmashauri ndogo zinaona kodi yao ikiondoka pamoja na nyumba hizo. Anayeuza bondeni lazima apande mteremkoni, kwa kuwa hakuna pengine pa kujenga. Kwa hiyo anahitaji kujua, kabla hajachimba msingi, ni mteremko upi ulikwishaporomoka zamani. Hilo halijibiwi na dola 750 wala na shehena ya chupa za maji, linajibiwa na wataalamu wa jiolojia wanaolipwa mshahara kila mwaka, hata mwaka usio na mvua.