Mafunzo ya Fundi Saa katika Shule za Uswisi

Nchini Uswisi ufundi wa saa unafundishwa darasani tangu mwaka 1824, shule ya kwanza ya fani hiyo ilipofunguliwa mjini Geneva. Miji ya milima ya Jura, ambako familia nyingi ziliishi kwa kazi ya saa, ilifuata: La Chaux-de-Fonds mwaka 1865 na Le Locle mwaka 1868. Kabla ya hapo kijana alikaa na fundi na kujifunza kwa kutazama. Kazi yenyewe ilikuwa imegawanywa sana: mmoja alikata magurudumu, mwingine alitia springi, mwingine alipamba uso wa saa. Aliyefunzwa kipande kimoja aliweza kuzeeka bila kuunganisha saa nzima. Shule zilimpa mwanafunzi fani yote, kwa mpangilio unaofuatwa hadi leo: metali kwanza, kisha kipuri, kisha mtambo, mwisho saa yenyewe.

Wanafunzi wengi huanza wakiwa na umri wa miaka 15 au 16, mara wanapomaliza elimu ya lazima. Wapo wanaosoma shuleni muda wote, na wapo walioajiriwa kama wanagenzi kiwandani, ambao huenda shuleni siku chache za juma. Mafunzo mafupi ya miaka 2 humwandaa mtu kwa kazi za kuunganisha sehemu. Ya miaka 3 hulenga uzalishaji viwandani. Ya miaka 4 humtoa fundi kamili, anayeweza kutambua hitilafu, kurekebisha na kurudisha saa katika hali yake.

Mahali pa kazi pana sura yake. Meza ni ya juu, karibu usawa wa kifua cha aliyeketi, ili viwiko viegemee na mikono isitetemeke. Mwanafunzi huvaa koti jeupe na kuweka lenzi ya kukuzia jichoni. Mbele yake kuna vibano, bisibisi za ukubwa tofauti, brashi na pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi. Vumbi ni adui mkubwa, kwa kuwa chembe isiyoonekana kwa macho hutosha kusimamisha gurudumu. Skrubu iliyoponyoka kwenye kibano hutafutwa sakafuni hadi ipatikane, na kila mwanafunzi hupitia hali hiyo mara nyingi.

Miezi ya mwanzo hakuna saa mezani. Mwanafunzi hujifunza kunoa bisibisi zake na kunyoosha ncha za vibano, kwa sababu bisibisi isiyolingana na mfereji wa skrubu huuchubua, na alama hiyo haifutiki. Kisha hupewa kipande cha metali na mchoro. Kwa msumeno mwembamba na tupa hukipunguza hadi kifikie vipimo vilivyoandikwa, pande zikiwa sambamba na pembe zikiwa sawasawa. Mwalimu hukagua kwa maikromita, na tofauti ya sehemu chache za mia za milimita humrudisha mwanafunzi mezani kuanza upya. Zoezi hilo linachosha, lakini ndilo linalozoesha vidole kuhisi kiasi ambacho jicho haliwezi kupima.

Hatua inayofuata ni mashine ndogo ya kukerezea. Hapo hutengenezwa vipuri vya chuma cha pua: mhimili wa kutilia ufunguo, skrubu, na hatimaye mhimili wa gurudumu la mizani, ambao ncha zake zina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwanafunzi pia hujifunza tabia ya chuma kwenye moto. Kikipashwa hadi kuwa chekundu na kutumbukizwa ghafla kwenye mafuta, huwa kigumu lakini hukatika kwa urahisi. Kikipashwa tena polepole, rangi yake hupita kutoka manjano hadi kahawia, zambarau na buluu. Buluu hutokea kwenye nyuzi joto karibu 300 za selsiasi, na huonyesha kuwa chuma kimepata ugumu usiovunjika ovyo.

Baada ya hapo ndipo mtambo huletwa. Shule nyingi hutumia mtambo mkubwa wa saa ya mfukoni unaojulikana kama ETA 6497, wenye kipenyo cha milimita 36.6, kwa kuwa sehemu zake zinaonekana vizuri. Mwanafunzi huufungua na kuufunga mara nyingi hadi aelewe njia ya nguvu. Springi kuu, iliyojikunja ndani ya pipa dogo, hutunza nguvu. Nguvu hiyo hupita kwenye mfululizo wa magurudumu ya meno hadi gurudumu la mwisho, ambalo uma mdogo wenye vito viwili vya rubi hulizuia na kuliachia jino baada ya jino. Kila linapoachiwa, uma husukuma gurudumu la mizani upande mmoja, na springi yake nyembamba hulirudisha. Katika muundo wake wa awali mtambo huo hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kila sekunde na mara 432,000 kwa siku.

Kuanzia hapo kazi kuu ni kutafuta sababu. Saa inayokimbia ghafla huenda imepata usumaku, hivyo mizunguko ya springi nyembamba ikashikana. Inayochelewa huenda ina mafuta yaliyokauka. Mafuta yakizidi husambaa na kuchafua, yakipungua metali husagana, hivyo kila sehemu hupewa aina yake na tone lake. Saa huwekwa kwenye kifaa kinachosikiliza mapigo, uso ukiwa juu, ukiwa chini, kisha ikisimama kwa pande mbalimbali, kwa sababu mvuto wa dunia huibadilisha kasi yake kulingana na mkao. Saa inayokosea sekunde 10 kwa siku imekosea sehemu 1 tu kati ya 8,640, hata hivyo mwanafunzi hutakiwa kulipunguza kosa hilo.

Karakana huenda pamoja na hisabati, fizikia, sayansi ya vifaa na uchoraji wa kiufundi. Kwa desturi, mafunzo hufikia kilele kwa saa ya shule: mwanafunzi hurembesha mtambo, huurekebisha na kuutia kwenye kasha, na saa hiyo huwa kielelezo cha uwezo wake.

Fani hii iliwahi kuyumba. Saa za kwatsi, zilizoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 1969, zilisaidia kuishusha idadi ya wafanyakazi wa saa Uswisi kutoka takriban 90,000 mwaka 1970 hadi zaidi kidogo ya 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Saa za mitambo zilipopendwa upya, mafundi walihitajika tena, na mwaka 2020 UNESCO iliutambua ufundi huo wa Uswisi na Ufaransa kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Wahitimu wa leo huunganisha saa viwandani, huzifanyia matengenezo katika vituo vya huduma, au huhuisha saa za kale ambazo vipuri vyake havipatikani tena. Hao wa mwisho hulazimika kutengeneza vipuri hivyo wenyewe, kwa tupa na mashine ya kukerezea walizojifunza kuzitumia kabla ya kukabidhiwa saa.