Nyumba ya Kwanza na Bei ya Pesa

Mkenya anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza ameahidiwa mengi. Tangu 2018, akinunua chini ya mpango wa serikali wa makazi ya bei nafuu, hatozwi ushuru wa stempu, ambao kwa mali ya mjini ni asilimia 4 ya thamani. Akikopa benki ili anunue au ajenge nyumba ya kuishi mwenyewe, riba anayolipa, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka, hutolewa kwenye mapato yake kabla ya kodi kukatwa. Kiwango hicho kilikuwa 300,000 hadi sheria ilipobadilishwa Desemba 2024. Pamoja na hayo yote, kufikia mwisho wa 2023 nchi hii ya watu zaidi ya milioni 50 ilikuwa na mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu. Nafuu hizi zingekuwa zinagusa kinachowazuia watu, hesabu hiyo isingekuwa ndogo kiasi hicho. Kinachowazuia ni bei ya pesa yenyewe.

Tufanye hesabu, maana katika jambo hili hesabu ndiyo hoja. Mkopo wa shilingi milioni 4 wa miaka 20, kwa riba ya asilimia 14 ambayo benki zetu zimeizoea, unadai takriban shilingi 49,700 kila mwezi. Kufikia siku ya mwisho mkopaji atakuwa amelipa karibu milioni 12, yaani mara tatu ya alichopewa. Riba hiyo ikishuka hadi asilimia 9.5, malipo ya mwezi ni kama 37,300 na jumla haifiki milioni 9. Tofauti ni karibu milioni 3. Sasa linganisha: msamaha wa ushuru wa stempu kwa nyumba ya milioni 5 ni shilingi 200,000, mara moja basi. Nafuu ya kodi kwenye riba, kwa mtu anayekatwa asilimia 30, haiwezi kuzidi 9,000 kwa mwezi. Elfu tisa si haba, lakini ili uzipate ni lazima kwanza uwe umekubaliwa mkopo na uwe na mapato yanayotozwa kodi kwa kiwango hicho. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini ziko katika sekta isiyo rasmi. Fundi wa jua kali na mama mboga wanaolipa kodi ya nyumba kila mwezi bila kukosa hawana hati ya mshahara ya kuonyesha benki, hivyo nafuu hiyo inawapita mbali.

Ndiyo maana hatua iliyonivutia zaidi ni ile isiyotajwa sana majukwaani: kampuni ya KMRC, iliyoanzishwa 2018 na Hazina ya Taifa pamoja na benki na Sacco. Kazi yake ni rahisi kueleza. Benki hupokea pesa za wateja wanaoweza kuzitoa wakati wowote, kwa hiyo huogopa kuzifunga kwenye mkopo wa miaka 20, na woga huo huugeuza kuwa riba. KMRC huzikopesha benki na Sacco pesa za muda mrefu kwa riba ndogo, nazo zikamkopesha mnunuzi wa kipato cha kadiri chini ya asilimia 10. Na kwa kuwa Sacco zimo, mlango umefunguka kidogo kwa mtu ambaye mwenendo wake wa kuweka akiba unajulikana hata kama hana mwajiri.

Kuna watakaosema kwamba pesa rahisi huishia mfukoni mwa muuzaji. Wana ushahidi, na ni mzito. Uingereza ilianzisha Help to Buy mwaka 2013, ambapo serikali ilimkopesha mnunuzi wa nyumba mpya hadi asilimia 20 ya bei. Ofisi ya taifa ya ukaguzi ilikuta mwaka 2019 kwamba takriban watatu katika kila wanunuzi watano wangeweza kununua bila msaada huo, na mwaka 2022 kamati ya Baraza la Malordi ikasema mpango ulipandisha bei katika maeneo yaliyouhitaji zaidi. Nyumba zisipoongezeka, shilingi ya nafuu hugeuka shilingi ya bei. Lakini hilo halinifanyi niikatae riba nafuu. Linanifanya nidai iende sambamba na ujenzi. Hapo ndipo tozo ya nyumba inapoingia, asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na 1.5 kutoka kwa mwajiri, iliyopingwa mahakamani 2023 na kurudishwa kwa sheria mpya ya Machi 2024. Manung'uniko ya wanaoilipa ni ya haki, kwa sababu wengi wao hawatapata nyumba zinazojengwa kwa pesa hizo. Kwa maoni yangu tozo hiyo inaweza kutetewa kwa sharti moja: nyumba ziwafikie waliokusudiwa, wakiwemo wenye mapato yasiyofika shilingi 20,000 kwa mwezi ambao sheria imewatengea kundi lao, na orodha ya waliopewa iwe wazi. Huko Mukuru, Nairobi, nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa Mei 2025. Ni mwanzo, na unahitaji macho ya wengi.

Wengine watauliza kwa nini mtu asinunue kiwanja akajenga pole pole, kama wazazi wetu walivyofanya. Ni njia ya heshima na haina riba, ila kodi ya pango huendelea kulipwa miaka yote hiyo, na bei ya saruji na mabati haimsubiri mtu. Mwenye kazi mjini na kiwanja mbali huishia kugharamia makao mawili. Kwake, fleti yenye mkopo wa riba ndogo inaweza kuwa nafuu, mradi ahakikishe anapata hati yake mwenyewe ya fleti hiyo chini ya sheria ya 2020 ya umiliki wa fleti, amtumie wakili wake na si wa muuzaji, na aweke pembeni pesa za mthamini, bima na ada ya huduma ya kila mwezi. Nyumba ambayo bado ni mchoro usiilipie yote kabla haijasimama.

Basi, kabla hujaenda kutazama nyumba yoyote, nenda kwanza kwenye Sacco au benki yako ukaulize kama inakopesha kwa pesa za KMRC, kama riba hiyo inaweza kupanda katikati ya safari, na jumla ya shilingi utakazokuwa umelipa kufikia siku ya mwisho. Takwimu hiyo ya mwisho iombe kwa maandishi.