Chai ya saa tisa, mbele ya kilio

Hesabu mara ngapi umekutana na wenzako wa zamani wa kazi mwaka huu. Utakuta karibu zote zilikuwa kwa kilio. Mutu amekufa, telefoni inalia, tunatoa muchango, tunakaa kwa viti vya plastiki, na ni pale ndiyo tunaanza kuulizana: "Kumbe weye uko Kipushi sasa? Tangu siku gani?" Yule aliyetukusanya hayuko tena pale asikie. Sisi tunaona jambo hili limezidi. Ndiyo sababu leo tunasema na wasomaji wetu wa Lubumbashi, Likasi, Kambove na Kolwezi juu ya kitu kidogo, cha bei ndogo: chai ya mangaribi kwa nyumba, na rafiki za zamani wakiwa wazima.

Zamani hakuna mutu aliyehitaji kualika. Kambi yenyewe ilifanya kazi hiyo. Union Minière, iliyoanzishwa mu 1906, ilijenga nyumba kwa mistari, na Gécamines ikaendelea nazo. Jirani wa mlango alikuwa mwenzako wa timu, watoto wa nyumba mbili walikaa kwa benchi moja la masomo, na siku ya posho bamama walisimama mstari mmoja wakingojea unga. Wengine walijuana kwa fuwaye, pale walipofundishwa kushona. Mutu alitoka kazi ya usiku, alama ya kofia ikiwa bado kwa kipaji, anapita kwa jirani, anakunywa kikombe kimoja, anaenda kulala. Urafiki ule ulikuja pamoja na nyumba na unga. Wakati kazi ilivunjika, nao ulikosa pa kukalia.

Vijana wengine hawakuona mambo haya, tuwakumbushe kwa kifupi. Mu 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka. Mu 1993 Kipushi ilifungwa. Mu 2003 na 2004 ikaja ile ya kutoka kazini kwa hiari, na watu 10 655 wakaacha Gécamines. Wamoja walinunua basi ndogo, wengine walilima shamba, wengine walirudia kijiji. Wengine walibaki kazini. Na maneno yakaanza: aliyebaki alisema mwenzake amekimbilia makuta, aliyetoka alisema mwenzake ni mujinga wa kungoja mshahara usiokuja. Miaka zaidi ya makumi mawili imepita, na tungali tunaona wazee wanaopitana kwa barabara, kila mmoja anaangalia upande wake.

Sasa, kwa nini chai na hapana pombe? Hatukatazi mutu Simba yake. Lakini tunajua vile inakwenda: chupa ya kwanza ni furaha, ya pili ni "nani analipa?", ya tatu inafufua deni la mu 1998. Tena kati ya wazee wetu wengi wana maladi ya damu kupanda, wengine kanisa limewakataza. Chai, hata mwenye pansioni ndogo anaiweza, na hakuna anayepata haya kwamba hawezi kurudisha.

Saa tisa ni saa nzuri. Siku ya Mungu kanisa limekwisha, mwenye kazi ya asubuhi amerudi, mwenye kazi ya usiku hajaondoka, na wazee wanafika kwao mbele ya giza. Ualike watu saba ao wanane, basi. Wakizidi pale, mutu atasimama kutoa hotuba. Kitu kinachokula feza kweli ni njia, hapana sukari: toka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa 120 hivi. Kwa hiyo chai ifanyike kwa muji wenye kuwa na rafiki wengi, na wale wa pale wachange tiketi ya yule wa mbali. Umwambie tiketi imelipwa, mbele hajaanza kutafuta sababu.

Usiandike kwa kikundi cha WhatsApp. Pale neno linapotea kati ya maombi na matangazo ya vifo. Mwite kila mutu kwa sauti. Na uanze hivi: "Hakuna mutu alikufa. Mukuye tu tukunywe chai." Usicheke. Rafiki wa zamani anapoona jina lako kwa telefoni, moyo wake unaruka, anafikiri ni habari ya kifo.

Vitu vyenyewe ni rahisi. Mbabula na makala, kwa sababu umeme hauna ahadi. Majani ya chai ya Kivu kwa birika moja, sitroneli ya lupango kwa lingine. Sukari ikae mezani, kila mutu ajipimie, maana kuna wenye ugonjwa wa sukari ambao hawapendi kuitangaza. Mihogo ya kuchemsha na kalanga ya kukaanga, hiyo inapita biskuti zote. Vitumbula vikaangwe mbele, mwenye nyumba asishinde kwa mafuta wakati wenzake wanacheka. Vikombe vikipunguka, omba kwa jirani, na jirani mwenyewe umwalike. Na kila mutu alete foto moja.

Hiyo ya foto tuliiona kwa chai moja kule Likasi. Wazee wawili walikuwa pale, mmoja alitoka mu 2003, mwingine alibaki, na kati yao kulikuwa magunia ya unga yasiyolipwa. Saa nzima hawakusemeshana. Kisha foto ya timu ikapita mkono kwa mkono, watu kumi na moja wenye kofia mbele ya kisima cha mgodi, na wale wawili wakaanza kubishana juu ya wa tatu toka kushoto, mwenye uso ndani ya kivuli. Mmoja alisema ni fulani wa kutega baruti, mwingine akasema hapana, yule alikuwa ameshakwenda Kolwezi. Mama mmoja mjane akachukua foto, akaiweka karibu na macho, akasema pole: "Njo bwana yangu ule."

Watu wakanyamaza. Mama akafungua kitambaa, akatoa karte ya kazi ya marehemu. Alieleza kwamba karatasi zake za ujane zinakosa mashahidi wawili waliotumika naye, na hakujua pa kuwakuta. Wazee wote wawili waliandika majina yao na namba zao za kazi kwa ukurasa mmoja, wakapana kalamu. Magunia ya unga hayakutajwa. Kesho yake walipanda pamoja kwenda kutia saini.

Mwenzao wa nane hakuweza kuja, kifua hakimruhusu tena kutembea. Jua liliposhuka, waliobaki walijaza termosi, wakafunga vitumbula ndani ya gazeti, wakaenda kumkuta kwake. Alikuwa ameketi kwa mlango, amekwisha kuvaa shati safi.