Rafiki Yako Anapoandika Maneno Yasiyoeleweka

Leo tunazungumzia mzaha wa kwenye simu.

Tuseme wewe na rafiki yako mnataniana kwenye WhatsApp. Gor Mahia na AFC Leopards wanacheza kesho, naye ameapa kwamba timu yake ikishindwa atakununulia nyama choma. Unamuuliza kama mbuzi yuko tayari. Anajibu: "Mbuzi kesho dirisha anavaa sana." Unacheka. Unamwandikia tena, naye anarudisha: "Diri sana kwa jumla wa."

Hapo, msikilizaji, acha kucheka kwanza. Mpigie.

Huenda ni simu inayojichagulia maneno, au ni chupa ya tano. Lakini mtu aliyekuwa akiandika vizuri dakika chache zilizopita, kisha maneno yake yakavurugika ghafla, huenda amepatwa na kiharusi. Mshipa wa damu katika ubongo umezibwa na donge la damu, au umepasuka, na sehemu iliyokosa damu inaanza kufa. Kwa watu wengi kazi ya kupanga maneno iko upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Ndiyo sababu maneno na mkono wa kuandikia vinaweza kuharibika pamoja. Mgonjwa mwenyewe aweza kudhani ameandika sawasawa kabisa.

Tena usidhani haya ni ya wazee peke yao. Mwaka 2012 madaktari wa Boston, Marekani, walieleza habari za mama mjamzito wa miaka 25 aliyemwandikia mumewe ujumbe usio na maana walipokuwa wakizungumzia tarehe ya kujifungua. Hospitalini ikaonekana ni kiharusi.

Basi, asiposhika simu, au akishika na maneno yake ni mazito, mtafute aliye karibu naye: mkewe, jirani, hata mlinzi wa lango. Mgonjwa aambiwe atabasamu. Je, uso umekwenda upande? Ainue mikono yote miwili. Je, mmoja unashuka? Arudie sentensi fupi. Likikosekana moja tu, apelekwe hospitali kubwa, kwa ambulensi au kwa gari lolote lililopo. Asikandwe kwanza. Asipewe chai, maana anaweza kupaliwa, wala aspirini, maana huenda ubongo unavuja damu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini ana hatari nyingine. Sukari ikishuka mno, maneno huvurugika vilevile, pamoja na jasho na kutetemeka. Huyo, kama yu macho na anameza vizuri, apewe nusu glasi ya soda ya kawaida, na safari ya hospitali isingojewe asipopata nafuu upesi.

Na ule mzaha usiufute. Iko dawa ya kuyeyusha donge, ingawa si kila hospitali inayo. Kwa kawaida hutolewa kabla ya kupita saa 4 na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Kwa hiyo daktari atauliza: mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi? Mgonjwa hawezi kusema. Wewe fungua simu, utafute ujumbe wake wa mwisho ulioeleweka, ule wa kuapa. Saa imeandikwa kando yake.