Daktari wa Panya Naye ni Daktari

Wiki hii nazungumza nanyi kutoka Mbozi Misheni, mkoani Songwe, huku kwenye mibuni.

Juzi nilimkuta bwana mifugo amemlaza nguruwe chini, kamfungua kinywa kwa kijiti, anapapasa ulimi. Alikuwa akitafuta vipele mfano wa punje za mchele. Hao ni watoto wa tegu. Mtu akila kitimoto isiyoiva vizuri hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu hutoka na choo chake. Nguruwe anayezurura huyala mayai hayo. Lakini hata binadamu akiyameza, kwa mikono michafu au maji, watoto wa tegu huweza kwenda kukaa kwenye ubongo, na mtu akaanza kuanguka kifafa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, wamechunguza Mbozi, na tegu wamemkuta kwa nguruwe na kwa watu pia.

Chanjo ya nguruwe ipo, inaitwa TSOL18, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia. Huko Kameruni ilijaribiwa vijijini kwa nguruwe 240 na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Waliochanjwa na kupewa dawa ya minyoo hawakukutwa na tegu hata mmoja. Wasiochanjwa, karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa naye. Matokeo ya majaribio ya hapa Tanzania yalichapishwa mwaka 2020.

Kabla ya kufika kijijini, hata hivyo, ilibidi nguruwe wengine wafungiwe bandani, walishwe mayai ya tegu makusudi, kisha wachinjwe na nyama ipekuliwe. Kijana mmoja aliyekuwa akitusikiliza akaniuliza: "Mzee, daktari aliyesomea kuponya anasimamaje kutazama mnyama akiambukizwa?"

Swali zuri. Husimama kwa sababu bila yeye jibu litakuwa la uongo. Nguruwe, au panya mweupe, au simbilisi (ndiyo, wale wale wa jikoni), akiingia kwenye jaribio na ugonjwa mwingine, au akiishi kwenye banda la joto na kelele, mwili wake hautatoa jibu sahihi. Dawa nzuri itaonekana mbovu. Na mbovu, Mungu apishe mbali, itaonekana nzuri na kuuzwa kwa mama wa Mbozi. Daktari huyo ndiye anayejua sindano ya ganzi ya panya ni kiasi gani, na ndiye mwenye haki ya kusema: huyu ameteseka vya kutosha, tukomee hapa.

Ujuzi huo haupatikani kwa kutibu ng'ombe. Pale SUA shahada ya udaktari wa mifugo ni miaka 5. Marekani, baada ya shahada kama hiyo, anayetaka fani ya wanyama wa maabara huweza kukaa miaka 2 au 3 zaidi chini ya wataalamu, ndipo afanye mtihani wa chuo cha mabingwa kilichoanzishwa mwaka 1957. Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika kanuni tatu: kama kuna njia isiyohitaji mnyama, itumie, kama hakuna, tumia wachache, na hao wachache wapunguzie maumivu.

Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo inagusa wanyama wa utafiti. Ila sheria haishiki sindano. Kwa maoni yangu vijana wetu wachache wangelipiwa miaka hiyo ya ziada, badala ya kujifunzia kazini kwa mfagia vizimba. Najua wako watakaocheka, eti daktari wa panya!

Ulimi wa yule nguruwe ulikuwa safi. Mwenyewe alipoelezwa habari za chanjo hakuuliza bei kwanza. Aliuliza: "Walioijaribu, walihakikisha?"