Kinanda ukubwani: anzia kwenye solfa uliyonayo

Swali ninaloletewa mara nyingi na watu wazima wa huku kwetu, kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, Katoro na Geita, huwa fupi: "Mwalimu, kwa umri huu vidole bado vitakubali?" Anayeuliza si mgeni wa muziki. Ameimba kwaya tangu ujana, anasoma nota bila kusita, na pengine aliwahi kugusa kinanda zamani kabla kazi na watoto havijamchukua. Sasa anataka kurudi, au kuanza, na anaona haya kidogo.

Vidole vitakubali. Hilo si neno la kumfariji mtu, limepimwa. Mwaka 1995 mtaalamu wa mishipa ya fahamu Alvaro Pascual-Leone na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliowahusu watu wazima ambao hawakuwahi kupiga piano. Walipewa zoezi la vidole vitano vya mkono mmoja, saa mbili kwa siku, kwa siku tano. Kila siku ubongo wao ulipimwa, na sehemu inayoongoza misuli ya vidole vile ilionekana ikipanuka. Kundi jingine halikubonyeza kitu. Lilikaa mbele ya kinanda likipiga zoezi lile lile kichwani tu, vidole vimetulia. Ubongo wao nao ulibadilika kwa namna ile ile. Kwa ufundi walibaki nyuma kidogo ya wale waliobonyeza, lakini walipopewa saa mbili za kubonyeza kweli waliwafikia.

Kwa mtu wa ukanda huu, sehemu ya pili ya utafiti huo ina faida kubwa kuliko ya kwanza. Umeme ukikatika, au ukiwa kwenye basi la wafanyakazi kwenda mgodini, au kinanda kikiwa kimefungiwa kanisani, bado unaweza kufanya zoezi. Sharti ni moja: ulipige kwa utaratibu, nota kwa nota, ukijua ni kidole gani kinakwenda wapi. Kuusikiliza wimbo kwa mbali kichwani hakuhesabiki.

Sitaficha kwamba aliyeanza akiwa na miaka saba ana kitu ambacho wewe hutakipata, hasa wepesi wa vipande vya kasi. Lakini nani kakuambia unakwenda kushindana? Ukiweza kuisindikiza kwaya misa nzima bila kuipoteza, hiyo ni kazi kamili, na jumuiya zetu nyingi hazina mtu wa kuifanya.

Mtaji wako mkubwa ni solfa. Mfumo huu wa d, r, m, f, s, l, t ulienezwa na mchungaji John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, kisha wamisionari wakauleta Afrika. Uingereza wenyewe wameuacha kwa sehemu kubwa. Huku ndiyo lugha ya kwaya hadi leo. Mtu aliyeimba nyimbo za John Mgandu au Bernard Mukasa kutoka kwenye nakala ya nota tayari anajua mambo ambayo mwanafunzi wa piano wa Ulaya hufundishwa kwa miaka. Anasikia sauti nne zinavyopishana. Anajua sauti ya nne ikienda s kisha d, wimbo umefika nyumbani. Anahesabu 6/8 kwa mwili, kwa sababu nyimbo zetu nyingi zimeandikwa hivyo. Kilichobaki ni kuvionyesha vidole mahali pa nota hizo.

Kwa hiyo siwaanzishi watu wazima kwa vitabu vya watoto vyenye nyimbo za Kiingereza. Nachukua wimbo anaoujua kwa moyo, wenye Doh ni C, nampa mkono wa kulia sauti ya kwanza peke yake, na mkono wa kushoto sauti ya nne peke yake. Kila mkono kwa zamu yake, mpaka mwenyewe achoke kuusikia, ndipo mikono ikutane. Sauti ya pili na ya tatu zinaingia baadaye: ya pili inakwenda mkono wa kulia, ya tatu inakwenda kushoto. Pale ya tatu inapokuwa juu mno kwa mkono wa kushoto, gumba la kulia linaiokoa. Mwimbaji wa sauti ya pili huchangamka sana siku anapoipiga sauti yake na kusikia kwa nini ilikuwa pale.

Wimbo usipokuwa na Doh ni C, hapo ndipo penye mtego wa vinanda vya kisasa, nao ni ile swichi ambayo vijana wanaiita transpozi. Ukiibonyeza, kinanda chote kinapanda au kushuka, nawe unaendelea kupiga vitufe vyeupe vya C kana kwamba hakuna kilichotokea. Wapigaji wengi wa makanisani wanaishi humo. Mwimbishaji anasema Doh ni E flat, mpigaji anabonyeza mara tatu, mambo yanakwenda. Wimbo unaofuata Doh ni C, naye amesahau kurudisha. Kwaya inaanza nusu-hatua tatu juu, sauti ya kwanza inafika kwenye kilele cha kiitikio kwa kupiga kelele, waumini wanatazamana, na mwimbishaji anamgeukia mpigaji kwa jicho ambalo hata watoto wa benchi la mbele wanalielewa.

Sisemi swichi hiyo itupwe. Nasema usijifunzie juu yake. Jifunze Doh tano: C, G, F, D na B flat. Mantiki yake ni nyepesi kwa mtu wa solfa. Doh ikihamia G, nota moja tu inaangukia kitufe cheusi, nayo ni t. Ikihamia F, ni moja pia, safari hii f. Kwenye D ni mbili, m na t. Kwenye B flat ni d yenyewe na f. Mtu wa miaka hamsini anakishika hicho mchana mmoja, kwa sababu anakiunganisha na kitu anachokijua tayari.

Vidole navyo vina sababu zao. Kwenye C, mkono wa kulia unapanda kwa vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, kisha gumba linapita chini ya kiganja na kuichukua f, vidole vyote vinamalizia hadi juu. Ukitumia mpangilio huo huo kwenye F, gumba litaangukia kitufe cheusi, na gumba ni fupi, linavuta mkono mzima mbele. Ndiyo maana kwenye F tunapanda kwa vidole vinne, kidole cha pete kinaichukua nota ile nyeusi, halafu gumba linapita chini kuichukua s. Mtoto huambiwa afanye hivyo, akafanya. Mtu mzima akielezwa sababu hasahau, na hapo ndipo anapomshinda mtoto.

Wanaorudi wana tabu yao ya pekee. Wapo waliopiga seminarini, wapo waliosoma muziki Chuo cha Ualimu Butimba au Ruhija kule Kagera, na wapo wazee waliojifunza kwenye harmoniamu ya kukanyaga kwa miguu, ile isiyojua kukatika kwa umeme. Masikio ya watu hawa yako pale walipoachia, vidole viko nyuma sana. Wanafungua wimbo mgumu wa zamani, wanasikia wanavyoharibu, wanafunga kinanda kwa hasira. Dawa ni kushuka ngazi mbili chini ya pale unapokumbuka kuwa ulikuwa, ukae huko wiki kadhaa. Ujuzi wa mikono hurudi haraka kuliko ulivyopatikana mara ya kwanza, lakini huanza na wepesi. Na kama ulijifunzia harmoniamu, utahitaji muda kuacha kukandamiza vitufe: kwenye kinanda cha umeme chenye kuhisi mguso, ukubwa wa sauti unatoka kwenye kasi ya kidole.

Kuna jambo la afya ambalo mwalimu wa muziki wa Dar es Salaam huenda asiliwaze, ila wa Geita lazima aliwaze. Mikono ya watu wetu imefanya kazi nzito. Aliyeshika mashine ya kutoboa mwamba kwa miaka anaweza kupata ganzi vidoleni, au vidole vikapauka kwenye baridi. Huo ni mtetemo ulioumiza mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Mtu kama huyo ajifunze kwa vipindi vifupi, asubiri mikono ipate joto, na aende hospitali akajieleze. Kubwa zaidi ni zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kunasa dhahabu kisha huichoma, na mvuke wake ukivutwa hushambulia mfumo wa fahamu. Kutetemeka kwa vidole ni dalili yake mojawapo. Wachimbaji wa Rwamagasa, wilayani Geita, waliwahi kupimwa na watafiti, na madhara ya aina hiyo yakaonekana. Mwanafunzi akija kwangu vidole vinatetemeka akiwa ametulia, na kazi yake ni kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu au kuichoma, somo la kwanza ni kwenda kwa daktari. Kumwambia "utazoea" ni kumdhulumu.

Muda ndio watu wanaoulalamikia zaidi. Migodi mikubwa inafanya zamu za saa 12, na mtu akitoka zamu ya usiku hana hamu na kitu. Kwa bahati nzuri kinanda hakidai muda mrefu. Dakika 20 kila siku zinazidi saa tatu za Jumamosi, kwa sababu ubongo huendelea kupanga mwendo wa vidole wakati umelala. Kipande kilichogoma jioni mara nyingi huteleza kesho yake. Wa zamu ya usiku wapige hizo dakika 20 asubuhi kabla ya kulala, visikizio masikioni ili majirani nao waishi.

Kuhusu kununua: kinanda cha vitufe 61 chenye kuhisi mguso kinatosha kwa kwaya. Piano kamili ina 88, lakini usisubiri hiyo. Mtu wa Geita anaweza kwenda kuchagua Mwanza mwenyewe, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 safari hiyo haina tena foleni ya kivuko. Kiguse kitufe kimoja kimoja, vyote 61, bila aibu mbele ya muuzaji. Chini ya kila kitufe kuna raba yenye kidoa cheusi kinachogusana na saketi. Vumbi likiingia hapo, kitufe kinanyamaza au kinaropoka kwa sauti kubwa hata ukikigusa taratibu. Vumbi letu jekundu ni adui hodari, kwa hiyo kila ukimaliza kifunike kwa kitenge kizito. Ukitumia sola, usichomeke tu waya wowote ilimradi unaingia kwenye tundu. Soma volti zilizoandikwa nyuma, na uangalie kile kimchoro kinachoonyesha chanya iko katikati au pembeni. Vinanda havifanani, na kosa hapo linaunguza mashine nzima.

Kuna kitu kingine kinachogoma, si vidole. Ni haya. Mwalimu anayepatikana mara nyingi ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Nimemwona mama mmoja muuguzi mstaafu akifika kwenye somo lake la kwanza: kijana akasimama, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu," akajibu, akaketi, akavua pete, kisha akasema, "Haya mwalimu, nianzie wapi?" Toka hapo alimwita mwalimu muda wote wa somo, na kijana naye akapata ujasiri wa kumwambia mkono umekunjamana. Heshima ilibaki kwa wote wawili na kazi ikafanyika. Wasioweza kuvuka hapo huishia kujifunza kwa siri kwenye simu, bila mtu wa kuwarekebisha, na makosa ya mkono hukomaa.

Ombi langu la mwisho nalipeleka kwa viongozi wa kwaya na wachungaji, Wakatoliki, AIC na wengine. Katika makanisa mengi ya mikoa hii kinanda kipo, lakini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa kiko kabatini na ufunguo uko mfukoni mwa mwenyekiti. Hofu ya kuharibika naielewa. Andikeni daftari la kusaini, mwekeni mpigaji mmoja wa kusimamia, toeni jioni mbili kwa wiki kwa watu wazima wanaotaka kujifunza, na wao wachangie gharama ya umeme. Wengi hawawezi kununua chao leo, na wanaoweza wanataka kwanza wajue kama watadumu. Fungueni kabati.