Kutoka Kasulu hadi Mlimani: namba, jina na barua ya udahili (Sehemu ya pili)

Katikati ya Julai, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, maduka ya steshenari mjini Kasulu hugeuka ofisi za udahili. Nje pana benchi, ndani kompyuta moja au mbili, printa inayokohoa, na picha za pasipoti za mwaka jana zilizobandikwa ukutani kama tangazo. Tangu mji ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, mwenye duka haogopi tena kazi kukatikia katikati kama enzi za majenereta ya dizeli. Anachoogopa sasa ni foleni.

Mzee wa kutoka upande wa Heru Juu huingia na bahasha ya kaki, ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni, maana Julai ni kiangazi na vumbi la Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, halina adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeelekezwa kwako. Binti yangu anataka chuo, na mwenyewe yuko jeshini."

"Namba yake ya mtihani wa kidato cha nne unayo?"

Hapo mzee hushangaa. Mtoto amemaliza cha sita, ya cha nne ya nini tena?

Swali lenyewe si la bure. Namba hiyo, yenye herufi S au P, namba ya kituo, namba ya mtahiniwa na mwaka wa mtihani, ndiyo inayomtambulisha mwombaji mbele ya mfumo wa chuo na mbele ya Bodi ya Mikopo. Ikiingizwa, matokeo huletwa yenyewe kutoka Baraza la Mitihani. Ikikosewa tarakimu moja, binti wa Heru Juu anageuka mtu mwingine. Waha wana historia yao na namba. Wakati wa ukoloni Buha ilikuwa ghala la vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga, na waliokwenda huko waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alihesabiwa kwa namba, si kwa jina la baba yake. Wajukuu wao nao wanashuka pwani kwa namba, ila safari hii wanaing'ang'ania wenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba mlango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, hufunguliwa na alama peke yake. Alama ni lazima, lakini zinaeleweka upesi. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kima cha chini cha kitaifa ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4. Kwa hesabu hiyo mwenye D mbili amevuka kizingiti. Kuvuka kizingiti, hata hivyo, si kupewa kiti. Kila kozi ina masomo yake: anayetaka uhandisi Mlimani lazima awe na fizikia na hisabati ya juu, na hata mwenye HGL (historia, jiografia na Kiingereza) nzuri kiasi gani hawezi kubisha hodi hapo. Uamuzi huo ulishafanyika miaka miwili nyuma, siku alipopangiwa tahasusi ya kidato cha tano, na pengine miaka minne nyuma, siku shule ya kata ilipokosa mwalimu wa fizikia. Mwenye steshenari hawezi kuurekebisha mwezi wa saba.

Jina la Mlimani lenyewe linahitaji maelezo kwa vijana wanaodhani ni jina la maduka. Chuo kilianza Oktoba 1961 mjini Dar es Salaam, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London chenye wanafunzi wa sheria wasiofika hata 15. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwaka 1964 kikahamia kilimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa. Kwa nchi yenye mikoa iliyotofautiana mno kwa shule, swali la nani apande kilima hicho halijawahi kuwa jepesi.

Jibu la ajabu kuliko yote lilitolewa Novemba 1974. Azimio la Musoma liliamua kwamba kijana asitoke darasani na kuingia chuoni moja kwa moja: aende Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), afanye kazi angalau miaka miwili, kisha aombe akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Kwa hiyo karatasi iliyompeleka mtu Mlimani ilikuwa pia barua ya tabia njema. Mwalimu wa Kibondo aliyekuwa amekata tamaa alipata njia; msichana aliyeolewa katika miaka hiyo miwili aliipoteza. Idadi ya wanawake ilishuka hadi Serikali ikawaruhusu kupita moja kwa moja, na baadaye sharti lote likafifia. Azimio hilo lilikuwa na nia njema na hesabu mbaya.

Mfumo umebadilika mara nyingine mbili katika kumbukumbu za karibu. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilianzisha udahili wa pamoja, mwombaji akijaza fomu moja kwa vyuo vyote. Mwaka 2017 ukaachwa, na sasa kila chuo kinapokea maombi yake chenyewe, TCU ikibaki kufungua na kufunga dirisha, kuhakiki majina na kusimamia awamu. Kwa mtoto wa Dar es Salaam tofauti ni ndogo. Kwa mzee wa Heru Juu, vyuo vitatu ni akaunti tatu, nywila tatu na malipo matatu, kila moja na namba yake ya malipo ya kupeleka kwa wakala wa simu. Ada ya maombi ya Mlimani ni Shilingi 10,000. Nauli ya kwenda na kurudi mjini iko juu yake.

Kuna pia suala la jeshi. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisimama mwaka 1994 yakarudi 2013, na wahitimu wa kidato cha sita wengi huwa kambini dirisha linapofunguliwa. Buha yenyewe ina makambi kama Kanembwa wilayani Kakonko, na Mtabila wilayani Kasulu, palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi 2012. Kwa hiyo vijana wa Tanga na Mbeya wanakimbia mchakamchaka Kasulu wakati wa Kasulu wako kwingine, simu zimewekwa kando, na mzazi ndiye anayekaa mbele ya kompyuta. Maofisa wa Bodi ya Mikopo hufika makambini kusaidia, lakini sahihi ya mzazi, ya serikali ya kijiji na ya wakili au hakimu haiwezi kupatikana gwaride likiendelea.

Katika steshenari ndipo lilipo kosa dogo linalouma kuliko yote. Mzee hana barua pepe, kwa hiyo kijana wa duka huweka yake, na namba yake ya simu, ili kazi iende. Agosti, aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa msimbo wa kuthibitisha chuo anachokitaka. Msimbo unaingia kwenye simu ya mwenye duka, pamoja na ya watu wengine arobaini, siku aliyokwenda Kigoma kununua wino. Muda unapita. Binti aliyepata Mlimani anarudi kwenye foleni ya awamu ya pili, akigombea nafasi zilizobaki. Dawa yake ni laini ya simu ya mtu wa nyumbani, iandikwe siku ya kwanza, na anayeishika ajue kwamba ujumbe utakuja.

Wanaokosa pointi 4 wana njia za pembeni, na njia hizo hazistahili dharau zinazopewa. Mwenye stashahada ya ualimu au afya yenye wastani wa 3.0 anaruhusiwa kuomba shahada. Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi kwa waliokaribia. Kwa vijana wa kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, waliosoma kwa mitaala ya Kongo na Burundi, kazi huanza nyuma zaidi: vyeti vyao lazima vipimwe ulinganifu na Baraza la Mitihani, na kutoka kambini penyewe kunahitaji kibali.

Chuo Kikuu cha Muhimbili nacho kinajenga kampasi mkoani Kigoma, kwa mradi wa elimu ya juu unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Hilo litafupisha safari ya basi. Bahasha ya kaki halitaigusa.

Mzee wa Heru Juu, kwa mfano, bahasha yake ina kila kitu isipokuwa cheti cha kuzaliwa, ambacho Bodi ya Mikopo inataka kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Mtoto alizaliwa nyumbani. Cheti cha darasa la saba kinaandika jina la Kiha kwa "l", cha kidato cha nne kwa "r", na kitakachoombwa leo lazima kifuate kimoja na kiapo kieleze kingine. Kijana wa duka anamuuliza kama binti alibatizwa. Alibatizwa, Kabanga. Basi mzee anafunga nailoni yake upya na kutafuta bodaboda ya kwenda parokiani kuchukua cheti cha ubatizo kiwe ushahidi wa kuzaliwa, kabla karani wa parokia hajatoka kwenda kula.

Wiki ijayo: fomu ya mkopo, na namna "bumu", yaani posho ya mwanafunzi, linavyohesabiwa.